Mashine ya kutafutia dhahabu: namna ya kuichagua kabla ya safari

Mtu anayetaka kununua detekta ya dhahabu kwa kawaida huuliza, "Ipi inafika chini zaidi?" Swali hilo limewapotezea wengi fedha zao. La kwanza kuuliza ni la udongo: unakwenda kutafuta kwenye ardhi ya namna gani, na dhahabu ya huko ina ukubwa gani? Ukishayajua hayo mawili, mashine zinazokufaa hubaki chache tu. Usipoyajua, hata mashine inayosifiwa kuliko zote inaweza kukaa kimya juu ya dhahabu, au ikapiga kelele kwa kila jiwe mpaka masikio yachoke kabla ya saa sita mchana.

Nitakwenda kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe, na utaona kwamba dukani tunafika mwishoni.

Hatua ya 1: Hakikisha dhahabu ya huko inasikika

Detekta haiijui dhahabu. Koili, ile sahani ya chini ya mashine, hupeleka uga wa sumaku ardhini. Uga huo ukikuta metali, huamsha ndani yake mkondo mdogo wa umeme unaozunguka. Mkondo nao hutoa uga wake, na koili huupokea na kuugeuza kuwa mlio. Basi kinachotakiwa ni kipande kimoja kilichoshikana, ambacho umeme una nafasi ya kuzunguka ndani yake. Vumbi la dhahabu halina nafasi hiyo. Chembe elfu zilizotawanyika kwenye mchanga, kila moja peke yake, hazitoi mlio wowote wa maana, hata zikijumlishwa uzito wake ukawa mkubwa. Hali ni hiyo hiyo kwa dhahabu iliyonyunyizika kama unga ndani ya mwamba.

Kwa hiyo, kama wenyeji wa eneo unalokwenda wanapata dhahabu ya unga tu, ile inayobaki chini ya karai baada ya kuosha mchanga, usinunue detekta. Nunua karai na vifaa vya kuoshea. Nasema hivi mapema kwa sababu ni hapa ambapo watu huumia zaidi: mashine ni nzuri, mtumiaji ana bidii, lakini dhahabu ya pale haikuwahi kuwa ya detekta.

Waulize wachimbaji wa huko wakuonyeshe kwa kidole ukubwa wa vipande wanavyookota. Kumbuka kwamba dhahabu ni nzito kuliko macho yanavyokisia. Gramu 1 ya dhahabu tupu ni mchemraba wenye upande wa milimita 3.7 hivi, na sehemu ya kumi ya gramu haifiki milimita 2. Umbo nalo lina uzito wake. Kipande bapa kilichoshikana hupiga mlio safi. Kipande chenye matundu kama sifongo, au kilichosukwa na mawe meupe ya kwatsi, huwa na sauti dhaifu kuliko uzito wake.

Hatua ya 2: Usome udongo

Chukua sumaku yenye nguvu, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, kisha iburute juu ya udongo kama hatua kumi. Geuza mfuko nje-ndani na utazame kilichonata. Zikiwa ni nywele chache nyeusi, ardhi ni tulivu. Ukitoka na ndevu nene za mchanga mweusi, una chuma kingi ardhini, na mashine zote zitapata taabu, ila baadhi zaidi ya nyingine.

Rudia jambo hilo sehemu nne au tano. Wingi wa chuma peke yake si balaa; mashine inaweza kuuzoea udongo mbaya ikiwa ubaya wake ni uleule. Kinachoharibu kazi ni udongo unaobadilika kila baada ya mita chache, mwekundu hapa, wa kijivu pale, na katikati yake mawe meusi au mekundu yenye chuma. Mawe hayo hupiga mlio kama dhahabu kabisa.

Angalia pia chumvi. Ardhi ya magadi, ufukwe wa bahari au tope lenye chumvi hupitisha umeme, na mashine zenye usikivu mkubwa kwa vipande vidogo hulia hovyo zikifika hapo. Kisha tazama juu: je, kuna nyaya kubwa za umeme, mnara wa simu, au wenzako wengine wenye detekta? Vyote huingiza makelele.

Mwisho wa kusoma udongo ni takataka. Kambi ya zamani ya wachimbaji imejaa misumari, vizibo, waya na vipande vya karatasi ya alumini. Korongo lisilokanyagwa na watu halina. Tofauti hii ina sauti kubwa katika hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Chagua ukoo wa mashine

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, na naomba usiharakishe. Ukiacha majina na rangi, mashine za dhahabu zina koo mbili kubwa.

Ukoo wa kwanza utauona umeandikwa VLF kwenye boksi. Hizi hutoa wimbi mfululizo bila kukoma, huku waya mmoja ndani ya koili ukipeleka na mwingine ukipokea. Ni nyepesi, hazili betri sana, bei yake ni ya chini ukilinganisha na ukoo wa pili, na zinaweza kukisia kama kilicho chini ni chuma au si chuma. Kinachozitofautisha zenyewe kwa zenyewe ni masafa ya wimbi, yaani linatikisika mara ngapi kwa sekunde, yanayopimwa kwa kilohezi (maelfu ya mitikisiko kwa sekunde). Masafa yakiwa juu, vipande vidogo husikika vizuri. Yakiwa chini, mashine haivisikii vidogo vile, ila hufika chini zaidi kwa vitu vikubwa. Garrett AT Gold hufanya kazi kwa kilohezi 18, Fisher Gold Bug Pro kwa 19, Minelab Gold Monster 1000 kwa 45, Nokta Gold Kruzer kwa 61, na Fisher Gold Bug 2, mashine ya siku nyingi ambayo bado ina wapenzi wake, kwa 71. Ukiwa na udongo mtulivu na dhahabu ndogo iliyo karibu na uso wa ardhi, au mwamba uliofunuka wenye nyufa, hizi za kilohezi 40 na kuendelea ndizo za kuangalia. Zile za kilohezi 18 au 19 zinamfaa mtu anayetaka mashine moja ya kutafutia dhahabu, sarafu na mapambo, akikubali kwamba punje ndogo kabisa zitampita.

Udhaifu wa VLF ni chuma cha ardhini. Udongo mwekundu wenye chuma kingi huinyang'anya kina chake. Mashine iliyosikia kipande kwenye sentimita 15 za udongo mzuri inaweza kukikosa kwenye sentimita 7 za udongo mbaya.

Ukoo wa pili ni PI, mashine za mapigo. Hizi hazitoi wimbi mfululizo. Hupiga pigo la umeme, hukata ghafla, hunyamaza kidogo, kisha husikiliza kama kuna kitu ardhini ambacho bado kina mkondo unaofifia. Kwa kuwa husikiliza baada ya pigo kupita, sehemu kubwa ya kelele za udongo huwa imekwisha, na ndiyo sababu hufika chini kwenye ardhi ambayo VLF imekwama. Minelab ilipoleta SD2000 katikati ya miaka ya 1990, watafutaji wa Australia walirudi kwenye mashamba ya dhahabu yaliyokwisha kupitiwa kwa mashine za awali na kutoa dhahabu iliyokuwa imeachwa chini. Baadaye zikaja za mfululizo wa GPX, halafu SDC 2300 inayokunjika na kuzama majini hadi mita 3, na GPX 6000. Kuna pia GPZ 7000 ya mwaka 2015, ambayo hutumia njia inayokaribiana na hiyo lakini si ya mapigo ya kawaida.

PI nayo ina mapungufu yake. Mkondo ndani ya kipande kidogo sana hufifia kwa muda wa sehemu chache za milioni za sekunde, hivyo mashine inayochelewa kuanza kusikiliza hukuta kimya; PI za zamani zilikuwa zinaacha punje ndogo kwa sababu hiyo. Tena PI ni ghali, nyingi ni nzito, na haina uwezo wa kuaminika wa kukuambia "hiki ni msumari." Utachimba vyote. Kwenye kambi ya zamani iliyojaa misumari, siku nzima inaweza kuishia kwenye mfuko wa kutu.

Uamuzi wangu ni huu. Udongo mtulivu na dhahabu ndogo ya juujuu: VLF ya masafa ya juu. Udongo mwekundu unaobadilikabadilika, na dhahabu ya gramu 1 na kuendelea ambayo imefukiwa: PI, na kama fedha hazitoshi, ni afadhali kungoja au kuchangiana na wenzako kuliko kununua VLF kwa ajili ya ardhi hiyo. Takataka nyingi mno: VLF, ukubali kupoteza kina. Kwa mtu anayeanza na hajui atakwenda wapi mwakani, naona VLF ya kilohezi 40 na zaidi ndiyo mwalimu mzuri, kwa sababu humlazimisha kusikiliza.

Neno moja kuhusu kichujio cha chuma, kwa kuwa wauzaji hukisifu sana. Mlio wa punje ndogo ya dhahabu ndani ya udongo wenye chuma husukumwa upande wa chuma, na mashine ikiwa imewekwa kuchuja, inainyamazia dhahabu yenyewe. Dhahabu ya kati nayo huangukia mahali pamoja na karatasi ya alumini na vishikizo vya makopo ya soda. Kwa hiyo usichague mashine kwa sababu ya uhodari wake wa kuchuja. Chagua ile yenye hali ya kusikia metali zote, kisha tumia kichujio pale tu takataka zinapozidi.

Hatua ya 4: Koili

Koili ndogo, ya inchi 5 au 6, husikia punje ndogo, hupenya kati ya mawe na vichaka, na hutenganisha msumari na kipande kilicho karibu nao. Koili kubwa, inchi 14 na kuendelea, hufunika eneo kubwa na hufika chini kwa vipande vikubwa, lakini husahau vidogo na huubeba udongo mwingi zaidi, pamoja na kelele zake. Kwa safari ya kwanza, ya inchi 10 au 11 pamoja na ndogo moja ya akiba inatosha. Kabla ya kununua mashine, uliza kama koili zake za akiba zinapatikana, maana koili ndiyo inayogonga mawe na kufa kwanza.

Utakutana pia na maneno DD na mono. DD ina nyaya mbili zilizopandana katikati na hustahimili udongo mbaya. Mono, ya PI, ina waya mmoja unaopeleka na kupokea, na hufika chini zaidi kidogo ila hulia haraka udongo ukichafuka.

Hatua ya 5: Mkono wako, betri na maji

Uzito unaousoma kwenye karatasi si uzito utakaousikia saa tano baadaye. GPX 6000 ina kilo 2.1 na GPZ 7000 ina 3.3, tofauti hiyo ya kilo moja na kidogo, ikiwa mwishoni mwa mkono ulionyoshwa, ndiyo inayoamua kama mchana utaendelea au utakaa kivulini. Ishike, ifagie kwa dakika kumi, na uulize kama ina mkanda wa kuibeba begani.

Mahali pasipo na umeme, mashine inayokubali betri za kawaida pamoja na ya kuchaji ina faida kubwa. Ukisafiri kwa ndege, betri za lithiamu za akiba hubebwa kwenye mkoba wa mkononi. Zilizo juu ya wati-saa 100 hadi 160 zinahitaji idhini ya shirika la ndege. Kuhusu maji, soma vizuri: mara nyingi koili huzama lakini kisanduku cha umeme hakizami.

Hatua ya 6: Jilinde na uongo

Mtu akikuuzia kifaa chenye antena mbili kinachodai kuiona dhahabu kutoka mita mia, au kinachochagua dhahabu peke yake kwa kuandika jina la metali, ondoka. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimhukumu James McCormick miaka 10 jela kwa kuuza vigunduzi bandia vya mabomu vilivyoitwa ADE 651: mpini na antena, bila kitu cha maana ndani. Vifaa vya "kuona dhahabu kwa mbali" vina umbo hilohilo na ahadi hizohizo.

Ahadi ya kina ipime kwa akili. Kwa kipande kidogo kilicho mbali kuliko upana wa koili, ukiongeza umbali mara 2, mlio hupungua karibu mara 64. Hakuna betri inayoshinda hesabu hiyo. Mashine zenye visanduku viwili zinazofika mita kadhaa zipo kweli, lakini ni za kutafutia kitu kikubwa kama sanduku, wala hazisikii kipande cha ukubwa wa harage. Na usidhani kina ndicho kila kitu: bonge la "Hand of Faith," kilo 27 na zaidi, lililopatikana Kingower, Australia, mwaka 1980 kwa detekta ya Garrett, lilikuwa kwenye sentimita 30 hivi tu.

Kuna pia mashine bandia zenye jina la kampuni ya kweli, hasa za PI zinazopendwa. Chukua namba ya mashine, ihakikishe kwa mtengenezaji mwenyewe, na udai risiti na dhamana. Bei ikiwa ya chini mno kwa mashine mpya, ndani ya boksi kuna sababu.

Ukinunua iliyotumika, igonge koili taratibu kwa kidole: isipige mlio. Tikisa waya pale unapoingia kwenye koili: usikie kimya. Tazama masikio ya koili yanaposhikilia fimbo, maana huko hupasuka.

Hatua ya 7: Ipime kwa risasi, wala si kwa pete

Muuzaji hupitisha pete ya dhahabu juu ya koili na mashine hulia kwa nguvu. Hilo halikuambii kitu, kwa kuwa pete ni duara kamili na umeme hulipenda duara. Kipande cha porini cha uzito uleule hakitalia hivyo. Tafuta chubwi ndogo za wavuvi au punje za metali ya risasi za ukubwa mbalimbali. Risasi huitika kwa namna inayokaribiana na dhahabu ndogo. Zigandishe kwa gundi kwenye kadi ngumu, kila moja na uzito wake umeandikwa kando.

Toka nje ya duka, mbali na taa na rafu za chuma. Vua saa, toa simu mfukoni, na usivae viatu vyenye chuma kidoleni. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell aliletwa na kifaa chake kutafuta risasi mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani, akashindwa; inaelezwa kwamba springi za chuma za kitanda zilichangia kumvuruga. Metali iliyo karibu nawe huongea kabla ya ile iliyo ardhini.

Sawazisha mashine na udongo: nyanyua na kushusha koili juu ya ardhi mpaka sauti isibadilike. Weka mlio wa msingi, ule unaosikika kabla mashine haijakuta kitu, uwe mwembamba kama mbu aliye chumba cha pili. Kisha fukia kadi sentimita 5, halafu 10, na ufagie taratibu, koili ikikaribia kugusa ardhi. Punje ndogo haitakuita kwa kelele; utasikia mlio wa msingi ukivimba kidogo na kurudi. Ukisikia uvimbe huo mara tatu kwa kupita kutoka pande mbili, mashine inakufaa. Kama hukuusikia, jaribu na hedifoni kabla ya kuilaumu mashine.

Hatua ya 8: Vinavyokwenda pamoja nayo

Beba hedifoni, sururu nyepesi yenye sumaku iliyobandikwa kichwani, kijiko kikubwa cha plastiki, na detekta ndogo ya mkononi ya kutafutia ndani ya shimo ikiwa unaweza. Sumaku itakuokolea muda mwingi: ukiutia mchanga wa shimo kichwa cha sururu, msumari hujinata wenyewe.

Kibali usikiache. Ulizia sheria ya utafutaji ya nchi husika, ruhusa ya mwenye ardhi na ya mwenye leseni, na ujue maeneo ya kale yanayolindwa. Kama eneo limewahi kuwa na vita, chochote kinachofanana na kombora kiache kilipo, weka alama, toa taarifa.

Ukifika, mlio ukitokea, kwangua kwanza sentimita chache kwa mguu na upitishe koili tena. Mlio ukihama, ulikuwa juu. Ukibaki palepale na kukua, chimba pembeni yake, usichimbe juu yake. Shimo likinyamaza, kitu kimo kwenye kifusi: teka kwa kijiko, pitisha juu ya koili, kikilia mwaga nusu mkononi, pitisha tena, gawanya tena, hadi kijikoni kibaki kidole kimoja cha udongo. Hapo kipulize taratibu. Mikono yangu hutetemeka kila mara katika dakika hiyo, hata baada ya misumari mingi.

Ikiwa ni dhahabu, usisogee mbali. Rudia shimo lenyewe, maana mara nyingi kuna kipande cha pili chini yake. Weka alama, badilisha koili uweke ndogo, na ufagie kwa mistari iliyopandana, mita 10 kila upande, kisha upande mlima kufuata uelekeo dhahabu ilikotoka. Ukimaliza, fukia mashimo yote.